Taa Zilianzia Nyuma

Taa ya LED haikuingia kwenye gari kwa mlango wa mbele. Iliingia kwa nyuma, kama konda anayedandia mathree ikishatoka steji. Ilikuwa nyekundu, ndogo, na kazi yake ilikuwa moja tu: kumwambia anayekufuata kwamba umeshika breki. Ndivyo ilivyokuwa kule ilikotoka. Huku kwetu Naitiri tuliipokea kinyume. LED tuliyoikimbilia ni ya mbele, ile ya kumwambia mwenzako apishe, na nyuma tukaacha giza lilivyokuwa.

Najua mnanijua kwa video za nganya. Naweka nganya usiku, imewaka kutoka tairi hadi juu, mnaandika "moto" na mnasonga. Na ni moto kweli, siwezi kukataa. Lakini ninaishi kando ya barabara ya Misikhu kwenda Brigadia, na msimu wa miwa ukifika, saa mbili usiku hii barabara inakuwa kitu kingine. Kwa hivyo leo hakuna video. Leo ni historia, na itakuwa ndefu kidogo.

Tuanze na jambo ambalo hata mtoto wa darasa la pili analijua bila kufundishwa. Usiku, nyeupe inakuja, nyekundu inaenda. Ukiona macho mawili meupe unasogea kando. Ukiona mawili mekundu unajua kuna mtu mbele yako anaelekea unakoelekea, na ukiona yamewaka zaidi unapunguza mwendo. Hiyo ni lugha. Haina Kibukusu wala Kiswahili, dereva wa Malaba anaielewa sawa na dereva wa Tokyo. Kila taa kwenye gari ina kazi moja kati ya mbili, kukusaidia kuona au kukusaidia kuonekana. Watu huchanganya hizo mbili, na shida zote nitakazosimulia hapa zinatoka hapo.

Magari ya mwanzo yalikuwa na taa za mafuta, kisha zikaja za gesi ya asetilini. Unadondosha maji kwenye kabidi, gesi inatoka, unawasha kwa kiberiti. Dereva alikuwa anashuka kuwasha taa moja moja kama mwenye duka anayewasha karabai. Mwaka 1912 Cadillac ikaleta gari lenye stata ya umeme na taa za umeme pamoja, kazi ya Charles Kettering na kampuni yake ya Delco. Kuanzia hapo gari likawa na batri, na batri ndiyo mama wa kila kitu kingine: honi, redio, indiketa, hadi ile skrini inayocheza miziki kwenye nganya. (Hata nyumba zetu zilifaidika. Kabla stima haijafika vijijini, watu walikuwa wanabeba batri ya gari kwa baiskeli hadi sokoni kuchaji, ndiyo jioni watu waone TV.)

Lakini tukisema ukweli, taa ya kwanza ambayo wazee wengi wa huku waliimiliki ilikuwa ya baiskeli. Dainamo inasugua tairi. Ukipanda kilima pole pole taa inafifia, ukishuka inawaka kama jua. Na nyuma, juu ya madigadi, kulikuwa na kile kioo chekundu cha kurudisha mwanga. Hakina waya, hakina batri, hakihitaji hata wewe ukumbuke kukiwasha. Hizo ndizo baiskeli zilizobeba abiria na magendo kule Busia, kutoka mpaka mmoja hadi mwingine, na jina bodaboda likazaliwa hapo. Baiskeli ya mtu maskini ilijua kujitambulisha kwa nyuma. Weka hilo akilini, tutarudi.

Sasa, mapenzi yetu ya taa za mbele yalitoka wapi? Mimi nasema yalitoka Safari Rally. Mbio hizo zilianza 1953, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, na zamani zilikimbia mchana na usiku, matope na vumbi, kwenye barabara ambazo ng'ombe na watu pia walikuwa wanatumia. Gari la Safari bila spotilaiti kubwa usoni halikuwa gari la Safari. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, alishinda 1965, akarudi kushinda 1974 na 1976. Peugeot 504 ikashinda 1975 na tena 1978. Na Peugeot 504 ndiyo ileile iliyokuwa inabeba watu na magunia upcountry yote. Sasa fikiria kijana wa miaka hiyo: gari lililoshinda Safari ndilo linalompeleka Kitale na kuku wake miguuni. Si lazima dere aifunge spotilaiti mbili? Kuka yangu mpaka leo akisifu gari haongei injini. Anasema, "Ile ilikuwa na taa."

Kwa hivyo mtu akiniambia baa za LED ni tabia mbaya ya vijana, namwambia aulize babake. (Baa ninayoisema ni ile taa ndefu ya kufunga juu ya kioo au kwenye bampa, si ile ya pombe.) Tumekuwa tukipima heshima ya gari kwa uso wake kwa miaka sabini sasa.

Wakati sisi tunashangilia spotilaiti, kuna kitu kingine kilikuwa kinapikwa maabara. Mwaka 1907 Mwingereza Henry Round aliona jiwe fulani la kisanaa, silikoni kabaidi, likitoa mwanga hafifu likipitishiwa umeme. Aliandika barua fupi kwenye gazeti la wahandisi na mambo yakaishia hapo. Miaka ya 1920 Mrusi, Oleg Losev, akalichunguza jambo hilo kwa kina kuliko mtu yeyote, na dunia ikamsahau naye pia. Hadi 1962, Nick Holonyak wa kampuni ya General Electric kule Marekani akatengeneza LED ambayo jicho la mtu linaona vizuri. Na rangi yake ilikuwa nyekundu.

Hapo kuna siri. Rangi ya LED haitoki kwa kuipaka, inatoka kwa kile kilichotumika kuitengeneza ndani. Nyekundu ni mwanga wenye nguvu kidogo, kwa hivyo ndio ulikuwa rahisi kupatikana kwanza. Bluu inataka nguvu nyingi zaidi, na wanasayansi waliisaka miaka thelathini. Bila bluu hakuna nyeupe, kwa sababu LED nyeupe unayoijua, ya tochi, ya simu, ya gari, kwa kawaida ni ya bluu iliyopakwa unga wa manjano juu. Wajapani watatu, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, ndio waliovunja huo ukuta. Nakamura akiwa kampuni ya Nichia alionyesha bluu yenye mng'ao wa kutosha mwaka 1993. Wakapewa Tuzo ya Nobel ya fizikia 2014.

Ukiweka hizo tarehe pamoja unaona kwa nini LED ilianzia nyuma ya gari. Kwa miongo mitatu ilikuwa na nyekundu, na gari lina sehemu moja tu inayotaka nyekundu.

Na bahati nzuri, miaka hiyohiyo watu walikuwa wameanza kufikiria sana kuhusu nyuma. Mwaka 1974 mwanasaikolojia mmoja, John Voevodsky, alifunga taa ya tatu ya breki kwenye teksi za San Francisco, akaacha teksi nyingine bila, kisha akahesabu. Zile zenye taa ya tatu ziligongwa kwa nyuma mara chache zaidi, tofauti ya kama asilimia 60. Marekani ikaja kulazimisha taa hiyo kwa magari mapya kuanzia modeli za 1986. Walipohesabu tena miaka ya baadaye, gari kila moja likiwa nayo, faida ilikuwa imeshuka hadi asilimia 4 na kidogo. Watu walikuwa wamezoea. Mimi hiyo namba ya pili ndiyo inanifurahisha, kwa sababu inasema ukweli kuhusu macho yetu: kitu kinachokushtua leo, kesho ni ukuta tu. Ndiyo maana nganya za mwaka huu lazima ziwake kushinda za mwaka jana.

LED iliingia vizuri sana kwenye hiyo taa ya tatu, maana ni nyembamba na haiungui ovyo. Na ina jambo lingine ambalo wengi hawalijui. Balbu ya kawaida ina waya ndani ambao lazima upate moto kwanza ndiyo utoe mwanga. Inachukua kama sehemu 2 kwa 10 za sekunde. LED inawaka papo hapo. Utasema hiyo ni nini sasa? Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, muda huo ni zaidi ya mita 4. Karibu urefu wa Probox. Yaani dereva aliye nyuma ya gari lenye LED anapewa zawadi ya urefu wa gari zima bila yeye kujua. Kufikia modeli za 2000, Cadillac DeVille ilikuwa na taa zote za nyuma za LED. Mbele ilibidi isubiri bluu ikomae: Lexus LS 600h ikatoka 2007 ikiwa na taa za mbele za LED kwa mwanga wa chini, na Audi R8 ikafuata 2008 na LED kwa kila kazi. Kutoka maabara ya Holonyak hadi uso wa Lexus ni miaka 45.

Sasa rudi Kenya. Unajua jina matatu lilitoka kwa senti kumi tatu, nauli ya zamani. Mwaka 1973 Mzee Kenyatta aliziruhusu zibebe watu bila ile leseni ya mabasi, na zikazaana. Miaka ya 90 zilikuwa disko zinazotembea. Halafu akaja John Michuki, waziri wa uchukuzi, na tarehe 1 Februari 2004 sheria zake zikaanza kufanya kazi: mkanda kila kiti, kidhibiti mwendo cha kilomita 80, mstari wa manjano ubavuni, sare kwa dere na konda. Michoro ikafutwa, mbwembwe zikazimwa. Watu wa umri wangu tulikua tukipanda matatu nyeupe tupu zenye mstari, tukidhani ndivyo Mungu alivyoziumba.

Karibu miaka kumi hivi zilikaa kimya, na michoro iliporudi, na serikali yenyewe ikisema vijana waachwe wafanye sanaa yao, taa zilizokuwa sokoni hazikuwa zile zilizozimwa. Balbu moja ya breki ya kawaida inakula wati 21. Funga balbu mia moja kwenye matatu ya zamani na alternata ingelia. LED mia moja za utepe zinakula umeme mdogo sana, zinauzwa kwa mita, zinakatwa kwa makasi na kubandikwa kwa gundi. Michuki alizima taa, na wakati zimezimwa teknolojia ikaiva Asia na kushuka bei. Nganya ya leo haingewezekana mwaka 2003 hata angekuwepo waziri mpole namna gani.

Nikipiga video usiku naona kitu ambacho macho hayaoni. Taa za nyuma za magari mapya zinacheza kwenye simu, zinawaka na kuzima, lakini nikiinua macho zimetulia. Simu haijaharibika. LED haipunguzwi mwanga kama karabai. Kompyuta ya gari inaiwasha na kuizima mara nyingi sana kwa sekunde. Ikitaka mwanga hafifu wa kuendesha tu, inaizima muda mrefu kuliko kuiwasha. Ukikanyaga breki, inaiacha iwake moja kwa moja. Taa ni ileile, kazi mbili. Ubongo wako unazijumlisha, kamera inakataa.

Na hiyo kompyuta ndiyo imewasumbua mafundi wetu. Zamani gari lilikuwa swichi, fyuzi, rilei, waya, balbu. Fundi wa umeme wa gari alikuwa na tochi ya majaribio yenye sindano, na akili zake. Mwaka 1986 kampuni ya Bosch ilitangaza mfumo wa kuunganisha kompyuta za gari kwa waya mbili tu, CAN, na Mercedes S-Class ya 1991 ikawa kati ya za kwanza kuutumia. Tangu hapo swichi yako haiwashi taa. Inatuma ujumbe, kompyuta nyingine inausoma, ndiyo taa inawaka. Kwa sababu Kenya hairuhusu kuingiza gari la mtumba lililozidi miaka minane, maajabu ya Japani yanatufikia yakiwa yamepoa kidogo, lakini yanafika. Mwaka 2025 gari la kuingizwa lilipaswa kuwa la 2018 au baadaye. Hayo si magari ya tochi ya sindano tena.

Hata kwenye gari la zamani LED inaleta vituko. Rilei ya indiketa iliundwa isikilize kiasi cha umeme unaopita. Balbu moja ikiungua, umeme unapungua, na ile tiki-tiki inaanza kukimbia, ili dereva ajue kuna taa imekufa. Weka LED sasa, inakula umeme kidogo, rilei inadhani balbu zote zimekufa na inakimbia kama imefukuzwa. Dawa ambayo mafundi wa Kitale wanaijua ni kuongeza rizista pembeni, kazi yake ikiwa kupoteza umeme kama joto ili gari liamini lina balbu za zamani. Yaani umenunua taa ya kuokoa umeme, halafu ukanunua kitu cha kuuharibu. Nacheka kila nikiona, lakini inafanya kazi.

Kitu ambacho hakinichekeshi ni taa za mbele. Chukua Probox, gari ambalo bila hilo watu wa Naitiri, Ndalu na Tongaren hatungefika popote. Nyingi kati ya zile za huku zilikuja na balbu ya halojeni, wati 60 kwa fulu na 55 kwa dimu. Ndani ya ile taa kuna kioo kilichopinda, na mpindo wake ulipigiwa hesabu kutoka mahali hasa ambapo ule waya wa balbu unakaa. Milimita ni milimita. Ukidimu, mwanga unakatwa kwa mstari, chini barabarani, na upande wa kushoto unapanda kidogo ili uone mtu anayetembea kando. Macho ya anayekuja kulia yanabaki gizani kwa makusudi. Hiyo ni adabu iliyotengenezwa kiwandani.

Sasa toa ile balbu, chomeka LED ya mtumba wa mtandaoni. Chanzo cha mwanga hakiko tena pale kioo kilipotarajia. Mwanga unatawanyika, ule mstari unapotea, na hata ukidimu bado unampiga mwenzako usoni. Dereva mwenyewe anafurahi kwa sababu mbele ya bampa kumekuwa kweupe kama mchana. Anaamini anaona mbali. Kumbe mita kumi za kwanza zimewaka sana hadi macho yake yanashindwa kuchungulia giza la mbele. LED ya Lexus haina shida hiyo, kwa sababu taa nzima iliundwa kwa ajili ya LED. Ugomvi wangu hauko na teknolojia. Uko na kuvisha kichwa cha mtu mwingine kofia yako halafu kusema imekaa.

Juu ya hayo weka ile baa kwenye bampa, ambayo haina dimu kabisa. Ni kuwaka au kuzima. Ilitengenezwa kwa ajili ya shamba, jangwa, mgodi, mahali ambapo hakuna anayekuja mbele yako.

Na pikipiki nazo zimeharibu lugha yenyewe. Tangu serikali ilipoondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo mwaka 2008, kila steji huku imejaa, na kila boda anajipamba. Siku hizi unakutana na boda mwenye taa nyekundu zinazometameta mbele. Mbele! Kumbuka lile la darasa la pili: nyekundu inaenda. Unaona nyekundu mita mia, unadhani unamfuata, kumbe mnaendeana uso kwa uso. Nimeshawahi kubishana na jamaa wa steji kuhusu hili, akaniambia inapendeza. Sikuwa na jibu. Inapendeza kweli.

Sasa nifike pale nilipokuwa naenda tangu mwanzo, kwenye miwa.

Bungoma ni nchi ya miwa tangu kampuni ya Nzoia ilipoanza kusaga 1978, na sasa viwanda vimeongezeka, hadi Naitiri tuna chetu. Miwa inasafiri kwa trekta na trela, na inasafiri jioni na usiku kwa sababu miwa ikishakatwa inapoteza sukari kila saa inayopita. Trela hizo nyingi hazina taa hata moja nyuma. Sitaji mwenye trela wala kiwanda, maana ni jambo la karibu wote, na wengi ni watu binafsi wenye trekta moja. Usiku unachokutana nacho ni ukuta mweusi, umetambaa kwa mwendo wa mtu anayekimbia polepole, miwa imening'inia pembeni ikifunika hata zile stika za mistari ambazo zingerudisha mwanga kama zisingekuwa na matope. Tangu tupate lami, wengine wote tunakimbia. Trela tu ndiyo imebaki na mwendo wa zamani.

Mwaka jana boda wa steji yetu aliingia chini ya moja. Nilimjua, ndiye aliyekuwa ananipeleka Kamukuywa nikichelewa. Waliomfikia kwanza walisema alikuwa anakutana na gari lenye baa, limewaka lote. Kwa sekunde chache hakuona chochote, na katika hizo sekunde chache kulikuwa na trela mbele yake. Alikuwa na abiria. Abiria aliishi.

Watu mazishini waliongea kuhusu mwendo, kuhusu kofia, kuhusu pombe, na hakuwa mnywaji. Hakuna aliyeongea kuhusu taa. Kenya inapoteza zaidi ya watu 4,000 barabarani kila mwaka, na kundi kubwa kuliko yote ni watu wanaotembea kwa miguu, yaani watu wasio na taa kabisa. Desemba 31, 2017, basi lililotoka Busia liligongana na lori kule Migaa, watu 36 wakafa, na serikali ikasimamisha magari ya abiria yasisafiri usiku. Mabasi yakasimamishwa. Trela za miwa hazikuwa kwenye hilo katazo, kwa sababu trela haibebi abiria. Inabeba sukari.

Niliwahi kumuuliza dereva wa trekta kwa nini asifunge taa mbili tu. Nilitarajia aseme pesa. Hakusema pesa, na nilipouliza bei Kitale, taa nyekundu ya LED ya trela nilionyeshwa kwa chini ya shilingi 500. Alinieleza mambo ambayo hayako kwenye sheria yoyote. Kwanza, trela na trekta si mke na mume. Leo trela inavutwa na Massey, kesho na New Holland, na plagi haziingiliani, nyingine hazipo kabisa. Pili, waya unaopita chini ya trela unakatwa na miwa na visiki shambani ndani ya wiki moja. Tatu, kioo cha taa kinavunjwa na mashine ya kupakia. Nne, ukiacha trela kiwandani usiku kwenye foleni, taa inaenda. "Tulikuwa tunafunga," akasema, "tukachoka." Siku hizi tanboi wake anakaa juu ya miwa na tochi ya simu. Wakisikia gari nyuma, anaiwasha na kuitikisa. Nyeupe, lakini afadhali.

Angalia hizo sababu nne vizuri. Zote ni za balbu na waya. Kwa LED nyekundu ambayo haitaki umeme mwingi, huhitaji trekta kabisa: batri ndogo, kipande cha sola, vyote vikikaa kwenye trela yenyewe, juu, ambako miwa na visiki havifiki. Kilichomshinda fundi wa 1990 kinawezekana leo kwa sababu ya Holonyak na nyekundu yake, ile ya kwanza kabisa, ya bei rahisi kuliko zote. Tumekaa tukinunua ya Nakamura na kuifunga kwenye bampa.

Kuna fundi hapa sokoni, kijana tu, ambaye kazi yake ya kila siku ni kupamba boda. Baada ya yale mazishi alianza kuwashawishi wenzake wa steji wampe zile nyekundu za mbele, na yeye anawawekea nyeupe bure. Zile nyekundu anazipeleka kwa trela. Anatumia betri za tochi zilizochoka na sola za zile taa ndogo za bustani, anafunga kila kitu ndani ya chupa ya plastiki ya mafuta iliyokatwa ili maji yasiingie. Si kazi ya kupendeza, nimeona. Hadi wiki iliyopita alikuwa amefunga trela nne. Moja ilirudi kutoka shamba la upande wa Soysambu na taa moja imeng'olewa, msumari na yote. Aliifunga tena siku hiyohiyo, sentimita thelathini juu zaidi, kwa nati.